SAA YA JUA KWENYE UKUTA WA MVIRINGO

Hotuba ya walimu iliyosomwa Kakiika, Mbarara, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Kamati imetuomba sisi walimu tueleze kwa kirefu kazi ya saa ya jua ambayo wengi wameisikia ikitajwa mikutanoni, ili maneno haya yaingie katika jarida la kumbukumbu na wenzetu wa Juru, Rubondo na Base Camp ambao hawakupata nauli ya kufika mjini wayasome. Tunaishukuru kamati kwa heshima hiyo. Tutasema kwa lugha nyepesi, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kamba, nondo na chokaa. Mtu yeyote aliyewahi kupima msingi wa nyumba anaweza kuifanya.

KWA NINI SAA YA JUA

Wapo waliotuuliza: "Walimu, siku hizi watu wana simu. Ya nini kurudi kwenye kivuli?" Swali hilo ni la haki, na tunalijibu kwa mambo matatu.

La kwanza, si kila mtu ana simu, na aliye nayo hana chaji kila siku. Mtoto wa darasa la tatu hana kabisa, naye ndiye anayetakiwa kuwahi kengele. La pili, saa ya ukutani ikiishiwa betri huchukua wiki nyingi kabla ya kupata nyingine, na katika wiki hizo darasa zima linaishi kwa kukisia.

La tatu ndilo kubwa. Wengi wetu tuliingia Uganda na saa za kwetu mkononi, na hakuna aliyetuambia mpakani kwamba hapa saa imetangulia kwa saa nzima. Kongo ya mashariki, Rwanda na Burundi zinatumia saa moja. Uganda, Kenya, Tanzania na Somalia zinatumia nyingine. Anayevuka Bunagana saa tatu asubuhi kwa saa ya Kongo, anakanyaga Uganda ikiwa saa nne.

Matokeo yake mnayajua. Mtu anapewa miadi ya saa tatu, anafika saa nne, naye moyoni anaamini amewahi. Tumewaona akina mama wenye watoto wagonjwa wakikuta foleni imekwisha na dirisha limefungwa. Tumewaona vijana wakiingia kwenye mtihani wenzao wakiwa wanakaribia kumaliza karatasi ya kwanza. Hawakuwa wavivu. Saa zao zilikuwa za nchi nyingine.

JUA HALICHELEWI

Wazee wetu hupenda kusema, "Hapa Nakivale jua linachelewa. Kwetu adhuhuri ilikuwa saa sita, hapa adhuhuri ni saa saba." Wazee wameona kweli, ila tuwaeleze sababu yake.

Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24. Ukigawa, ni digrii 15 kwa kila saa, na digrii moja kwa kila dakika 4. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa longitudo ya digrii 45 mashariki, ambao unapita karibu kabisa na Mogadishu. Mji wa Mbarara uko karibu na digrii 30 na robo tatu. Tofauti ni digrii 14 na zaidi kidogo, yaani dakika 57. Hii ndiyo sababu hapa Kakiika, kwa wastani wa mwaka, jua hufika katikati ya anga saa saba kasoro dakika 3. Nakivale, ambako ni mashariki kidogo ya hapa, ni saa saba kasoro dakika 4 hivi. Leo, tarehe 20 Juni, hapa tulipo itakuwa saa saba kasoro dakika moja. Mwenye saa aangalie, na mwenye fimbo aisimamishe uwanjani.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Saa ya Kongo ya mashariki, Rwanda na Burundi imepangwa kwa mstari wa digrii 30. Mstari huo unapita Kigali penyewe. Bujumbura, Goma, Uvira na Bukavu ziko jirani nao, kwa hiyo huko adhuhuri ya jua na saa sita ya mkononi havipishani kwa zaidi ya dakika chache. Ndugu zetu Wasomali waliotoka Mogadishu nao walizoea hivyohivyo, kwa sababu mji wao uko juu ya mstari wa saa yao. Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali, kila mmoja alikotoka adhuhuri ilikuwa saa sita. Wote wamekutana Nakivale, na wote wanaiona saa saba. Jua halichelewi hata kidogo. Saa ni mapatano ya serikali. Jua halikuhudhuria kikao hicho.

Tunawaheshimu wenyeji wetu katika jambo hili. Wafugaji wa Ankole tangu zamani waligawa siku kwa kazi ya ng'ombe: wakati wa kukamua, wakati wa kupumzika kivulini, wakati wa kuteka maji na kunywesha. Hapa jirani na Kakiika, katika barabara ya kwenda Masaka, kuna kilima cha Biharwe. Simulizi za Nkore zinasema kwamba jeshi la Bunyoro lilipokuwa likirudi na ng'ombe lililoteka, jua lilipatwa, mchana ukawa giza, askari wakakimbia na kuacha mifugo. Wanahistoria wamelinganisha simulizi hiyo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Kwa hiyo tunapozungumza habari za jua katika nchi hii, tunazungumza na watu ambao historia yao yenyewe imepata tarehe kutokana na jua.

PICHA YA KITABUNI HAIFAI HAPA

Vitabu vingi vya shule vina picha ya saa ya jua: sahani bapa yenye pembetatu iliyosimama katikati. Mwanafunzi akiinakili picha hiyo hapa, hatapata kitu. Picha ile ilichorwa kwa ajili ya Ulaya.

Sababu ni hii. Kule Ulaya kivuli cha mti uliosimama huzunguka kama mshale wa saa. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: Kakiika iko chini ya digrii moja kusini yake, Nakivale vilevile. Waliosafiri kwenda Kampala wameyaona maduara ya saruji pale Kayabwe yanayoonyesha mstari huo. Karibu na ikweta, mwezi wa Machi na wa Septemba, jua huchomoza mashariki, hupanda moja kwa moja hadi utosini, kisha hushuka moja kwa moja magharibi. Kivuli cha fimbo iliyosimama hakizunguki. Asubuhi kinalala magharibi, kinafupika hadi kwenye shina, kisha kinarefuka upande wa pili. Ukikiuliza "saa ngapi?" kwa kutazama kinakoelekea, jibu lake asubuhi nzima ni lilelile.

Na ukuta bapa unaotazama kusini, ambao katika sehemu nyingi za Ulaya ndio ukuta bora wa saa ya jua, hapa unapata jua karibu nusu ya mwaka tu. Nusu nyingine jua liko kaskazini, kama leo. Leo adhuhuri fimbo ya mita moja itatupa kivuli cha karibu sentimita 45 kuelekea kusini.

SIRI IKO KWENYE NONDO

Chuoni tulikosomea ualimu tulifundishwa kwamba zana bora ya kufundishia ni ile ambayo mtoto anaweza kuigusa. Basi tuanze na nondo.

Nondo ya saa ya jua lazima ilale sambamba na mhimili ambao dunia inauzunguka. Huko Oslo, penye latitudo ya digrii 60, nondo huinuliwa digrii 60. Hapa kwetu inalala karibu bapa, kaskazini kwenda kusini, kama boriti ya paa. Kwa usahihi zaidi, ncha ya kusini huinuliwa kidogo: kwa nondo ya mita moja, sentimita moja hapa Kakiika, na sentimita moja na nusu hivi Nakivale.

Nondo ikishalala hivyo, jua na nondo kwa pamoja hukata anga kama ubao mmoja mpana. Ubao huo husogea digrii 15 kila saa, Januari hadi Desemba, jua likiwa kaskazini au kusini. Mstari wa saa ni pale ubao huo unapokata ukuta. Ukuta uwe bapa, uwe wa mviringo, uwe na nundu, si neno: ubao ni uleule, ila alama yake ukutani inabadilika umbo. Mtu akilielewa hili anaweza kuchora saa ya jua hata juu ya chungu.

Nyuso za mviringo ni za aina mbili. Kuna uliobonyea, kama ndani ya bakuli. Na kuna uliobinuka, kama nje ya tangi. Tunazo zote mbili, na kila moja ina tabia yake.

UKUTA ULIOBONYEA: NUSU YA PIPA

Chukueni pipa la mafuta la lita 200, mlipasue kwa urefu, mlilaze kama hori la kunyweshea ng'ombe, likitazama juu, urefu wake ukienda kaskazini na kusini. Kwenye kila mfuniko wa mwisho, katikati ya ukingo wa juu, kateni pengo dogo, nondo ilale humo. Sasa nondo iko katikati kabisa ya mviringo.

Kipenyo cha pipa hilo ni karibu sentimita 57, kwa hiyo kuta zake kutoka ukingo hadi ukingo zina karibu sentimita 90. Gawanyeni kwa 12, mtapata sentimita 7 na nusu kwa kila saa, zote sawasawa. Asiye na rula asihangaike. Anyooshe kamba kutoka ukingo hadi ukingo kwa kufuata mbonyeo, aikunje mara mbili, tena mara mbili, kisha kila kipande akikunje mara tatu. Amepata saa 12.

Hapa ndipo Kiswahili kinapofurahisha. Jua likichomoza, kivuli cha nondo kiko kwenye ukingo wa magharibi. Baada ya hatua moja ni saa moja. Hatua mbili, saa mbili. Chini kabisa penye kitako cha pipa ni saa sita. Na kwenye ukingo wa mashariki ni saa kumi na mbili jioni. Namba ya saa ni hesabu ya hatua za kivuli tangu mapambazuko. Ndugu zetu Waethiopia nao huhesabu hivyo, na wenyeji wetu wa Ankole pia. Watoto hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Toboeni tundu chini ya pipa maji ya mvua yatoke, tusije tukafuga mbu kwa jina la elimu.

Kazi hii ni ya kale sana. Vitruvius, fundi majengo wa Roma, aliandika kwamba saa ya jua ya nusu duara iliyochongwa ndani ya jiwe ilibuniwa na Berossus wa Babeli, mtu aliyehamia kisiwa cha Kos na kufungua shule huko. Tukumbuke basi: anayetajwa kuwa fundi wa kwanza wa ukuta uliobonyea alikuwa mwalimu aliyeishi ugenini. Na huko Jaipur, India, katika karne ya 18 mfalme Jai Singh alijenga saa ya jua yenye ukuta wa mita 27 unaotupa kivuli juu ya kuta mbili zilizopinda pande zake. Hapo kivuli husogea karibu milimita moja kila sekunde, mtu anakiona kwa macho kikitembea. Kanuni yake na ya pipa letu ni moja.

UKUTA ULIOBINUKA: TANGI LA MAJI

Tangi la maji la mviringo liko mahali ambapo watoto wote hupita, na saa iliyochorwa hapo huonekana kwa mbali. Lakini ni gumu zaidi, kwa sababu ukuta wake unaikimbia nondo pande zote mbili.

Upande wa mashariki, funga nondo ya mita moja kwa vishikizo viwili, ikilala kaskazini kwenda kusini, sentimita 30 kutoka mahali tangi lilipojitokeza zaidi. Jua likichomoza, kivuli kinaangukia ukutani usawa wa nondo yenyewe. Kisha kinashuka. Kwenye ukuta bapa kingeshuka sentimita 8 saa moja, sentimita 17 saa mbili, sentimita 30 saa tatu, sentimita 52 saa nne, na sentimita 112 saa tano. Hatua si sawa tena. Zinarefuka kadiri jua linavyopanda.

Juu ya tangi mambo yanaongezeka. Tuseme tangi lina nusu kipenyo cha sentimita 150. Ukienda sentimita 40 kando ya katikati, ukuta umerudi nyuma karibu sentimita 5 na nusu, na umbali kutoka kwenye nondo si 30 tena bali 35 na kitu. Hapo kivuli cha saa tatu kinashuka sentimita 35, na cha saa nne sentimita 61. Mstari wa saa hauwi mnyoofu. Unainama pande zote mbili kama uta.

Hesabu hizi si lazima kwa fundi. Kateni duara la karatasi ngumu, mligawe mara 24, kila sehemu digrii 15. Livisheni kwenye nondo kama gurudumu, mstari mmoja ukiwa bapa kwa pima maji. Shikeni kamba kwenye nondo, muipitishe juu ya alama ya kwanza chini ya ule mstari bapa, muivute hadi iguse ukuta, muweke nukta. Sogezeni duara mbele kidogo kwenye nondo, mrudie. Nukta zikiwa sita au saba, ziunganisheni: huo ndio mstari wa saa moja. Alama inayofuata ni saa mbili. Hivyo hivyo upande wa magharibi kwa saa za alasiri, ila huko saa kumi na mbili jioni ndiyo iko juu.

Kutafuta kaskazini msitumie dira karibu na pipa au nondo, chuma huipotosha. Simamisheni fimbo kwa timazi, chora duara kuizunguka, tia alama ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi na inapoligusa tena alasiri. Mstari unaounganisha alama hizo ni mashariki na magharibi.

Tangi lina upungufu mmoja ambao tusiufiche. Tangu saa tano hadi saa saba za jua, nuru inapita ukutani kama maji yanayoteleza, kivuli kinakimbilia chini, na tangi linanyamaza. Ndiyo maana tunapendekeza pipa liwekwe karibu na tangi. Uliobinuka huita watu kwa mbali, asubuhi na alasiri. Uliobonyea hujibu siku nzima.

SAFU MBILI ZA NAMBA

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo lilileta ubishi katika mikutano, na tunaomba jumuiya itusikilize kwa makini.

Baadhi ya wenzetu wanasema: andikeni saa ya Uganda peke yake, kwa maana tuko Uganda, na mtoto mdogo asichanganywe. Wazee kadhaa wanasema: andikeni saa ya jua peke yake, adhuhuri iwe saa sita kama Mungu alivyoiweka. Pande zote mbili zina hoja. Sisi tunaomba ziandikwe safu mbili, nyeupe kwa jua na nyekundu kwa Uganda.

Kwenye pipa, safu nyekundu inasogezwa sentimita 7 kuelekea magharibi, kwa hiyo saa sita ya Uganda inakuwa kabla ya kitako cha pipa. Chini ya kila namba nyekundu iandikwe pia namba inayotumika kwenye kadi na barua za ofisi, ili mtu aliyepewa kadi yenye 9 ajue ni saa tatu. Safu hiyo ndiyo itakayomwahisha mama kwenye matibabu na mtoto kwenye mtihani. Safu nyeupe itamwonyesha aliyetoka jana Kivu, Kigali au Bujumbura kwamba saa yake haikuharibika: inakubaliana na jua la hapa kwa dakika chache. Akizitazama pamoja, ataelewa bila kufokewa na mtu kwa nini alichelewa.

Lipo na marekebisho madogo. Dunia haiendi kwa mwendo mmoja mwaka mzima, na jua nalo linapishana na saa. Tarehe 11 Februari ongeza dakika 14 kwenye safu nyekundu. Tarehe 14 Mei punguza 4. Tarehe 26 Julai ongeza 6. Tarehe 3 Novemba punguza 16. Tarehe 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuchora mistari kwa kutazama simu mwezi wa Februari: ifikapo Novemba saa yake itakosea nusu saa nzima. Wiki hii ya Juni ndiyo nzuri kwa kuhakikisha kazi.

Na hapa kuna jambo la watoto. Mwezi wa Februari, muhula wa kwanza unapoanza, Nakivale jua huchomoza baada ya saa moja ya Uganda. Mtoto wa darasa la kwanza anayekaa mbali anatoka nyumbani gizani, na wasichana pia. Mwezi wa Novemba mtoto huyohuyo anatembea katika mwanga, kwa sababu jua limewahi karibu nusu saa. Kengele ni ileile. Tunaiomba kamati izungumze na viongozi wa shule, ili mwezi wa Februari madarasa ya chini yaingie saa mbili na nusu. Kivuli ukutani kitakuwa shahidi wetu.

SAA ISIYOHAMISHIKA

Wapo waliosema: sisi ni wapita njia, ya nini kuchora kitu cha kudumu kwenye ukuta usio wetu? Tunajibu kwa adabu. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958. Wapo waliozaliwa humo, wakaoa humo, wakazika wazazi wao humo. Ukuta si wetu, ni kweli, na ndiyo maana hakuna atakayegusa tangi kabla ya ruhusa ya shule na ya wanaosimamia makazi. Lakini mtoto anayelitazama ni wetu.

Plinius wa Roma alisimulia kwamba mwaka 263 kabla ya Kristo Warumi walileta saa ya jua kutoka Catania, kisiwa cha Sicilia, wakaisimamisha mjini kwao. Mistari yake ilikuwa ya Catania, haikupatana na Roma. Waliifuata hivyohivyo miaka 99. Saa ya jua inasema kweli mahali ilipochorwa tu. Wenzetu wanaoondoka kwenda Kanada, Marekani au Norwe hawataweza kulibeba pipa la Nakivale, huko litawadanganya. Watakachobeba ni ile digrii 15 kwa saa, na ujuzi wa kuinua nondo kulingana na mahali walipofika. Huo hauzuiliwi mpakani, wala hauombewi kibali.

TUNACHOOMBA

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mambo manne. Kamati itusaidie kupata mapipa mawili yaliyotumika, moja la Nakivale na moja la hapa Kakiika, tulinganishe. Mafundi chuma wajitolee siku moja kupasua na kutoboa. Wazee, pamoja na masheikh wanaojua vipimo vya kivuli vya adhuhuri na alasiri, wakae nasi siku ya kuchora. Na wanafunzi wa darasa la sita na la saba wapewe kazi ya kuandika kila Ijumaa saa ya kivuli na saa ya simu, mwaka mzima, katika daftari moja. Mwaka ujao daftari hilo lisomwe hapa mbele yenu, mhukumu wenyewe kama walimu walisema kweli.

Tunawashukuru wenyeji wa Kakiika kwa kiwanja na kwa subira.  Sasa imekaribia saa saba. Tunawaomba tutoke uwanjani, tukaitazame adhuhuri pamoja.